Profesa ana kurasa 14 za machapisho ya kisukari. Je, huo ndio ubingwa wa kutibu?

#1 Mwana wa Uyole
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 71, kisukari yuko nacho mwaka wa tisa, anameza metformini na glibenklamidi. Mdogo wangu anayesoma India katuma faili kwenye grupu la familia: orodha ya machapisho ya profesa mmoja wa huko, kurasa 14, herufi ndogo kama za Agano Jipya la mfukoni. Sukari, moyo, figo, macho, unene, ujauzito, kifua kikuu, hadi corona imo. Baba mdogo keshatoa hukumu: tuuze ng'ombe wawili na kiwanja cha Igawilo mzee apelekwe, maana "mtu aliyeandika yote haya hawezi kushindwa na sukari ya mtu mmoja."

Mimi ni fundi rangi, haya mambo yananipita. Mtu mmoja anaandikaje yote hayo na bado apate muda wa kuona wagonjwa? Na huo wingi unatuambia nini kuhusu mkono wake wa kutibu? Jina silitaji, hajanikosea kitu. Nawasilisha.

#2 Kijana wa Kabwe
Kurasa 14! CV yangu mimi ni ukurasa mmoja na nusu, na hiyo nusu ni wadhamini.

#3 Mnyalukolo
Kamwene. Mleta uzi, wingi si hoja. Waliogundua insulini, Banting na Best, walikuwa na makala chache tu na wakapewa Nobel mwaka 1923. Mwenye kurasa 14 bado hajapewa. Uza ng'ombe kwa sababu nyingine.

#4 Tabibu wa Zamu
Nafanya kazi kliniki ya sukari huku Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo nitajibu nilichokiona.

Kwanza, kuandika si kukaa mezani peke yako na kalamu. Makala ya utafiti wa tiba inaweza kuwa na majina 15 au 30. Wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kukusanya na kuandika, wa mwisho kwa kawaida ni mkuu wa kitengo. Profesa mwenye wanafunzi na madaktari 20 chini yake, kila mmoja akitoa makala mbili kwa mwaka na jina la mkubwa likikaa mwisho, piga hesabu mwenyewe. Mleta uzi, angalia jina lake linakaa wapi kwenye orodha hiyo.

Pili, utafiti mmoja mkubwa huzaa makala nyingi. Waingereza walikuwa na UKPDS, ulioanza 1977, wagonjwa 5,102 waliogundulika karibuni kuwa na kisukari aina ya pili. Majibu makuu yalitoka 1998, lakini makala zake walizipa namba, na zilipita 80. Mtu aliyekuwa kiini cha utafiti ule ana orodha ndefu bila kudanganya mtu.

#5 Mkaguzi wa Mahesabu
#3 umechanganya. Nobel ya 1923 walipewa Banting na Macleod, mkuu wa maabara walikofanyia kazi. Best hakupewa, Banting akakasirika akamgawia nusu ya fedha zake, na Macleod naye akamgawia Collip, aliyeisafisha insulini. Ugomvi wa nani aandikwe kwenye ugunduzi haukuanzia India.

#6 Mnyalukolo
Nimekubali kusahihishwa. Ila hoja yangu imebaki palepale: makala chache.

#7 Ulanzi Baridi
#4 daktari, hiyo ya jina la mwisho ni sawa na daftari la rambirambi kijijini kwetu. Mwenyekiti anatoa elfu mbili, anaandikwa juu kwa wino mwekundu. Waliochimba kaburi hata hawaulizwi majina.

#8 Binti Rungwe
Mimi ninavyoona kuna kitu kingine kabisa. Mmehakikisha ni mtu MMOJA? Nilifanya kazi maktaba ya chuo. Majarida mengi huandika jina la ukoo na herufi ya kwanza tu. Simama stendi ya Tukuyu uite "A. Mwakalinga" uone watageuka wangapi. India nako majina yanajirudia hivyohivyo. Ukivuta orodha kutoka kwenye mtandao kwa jina tu, unaweza kupata daktari wa macho, wa figo na wa wajawazito, watu watatu, wote wamevaa kofia moja. Ndiyo maana mwaka 2012 wakaanzisha ORCID, namba ya kila mtafiti, kama namba ya NIDA. Muulize mdogo wako orodha ameipata kwa profesa mwenyewe au ameichota mtandaoni.

#9 Kijana wa Kabwe
Kofia moja watu watatu, hao ni makonda wa Mwanjelwa.

#10 Mwana wa Uyole
Asanteni wakuu. #4, nimekaa na faili jana usiku: jina lake kwenye nyingi ni la mwisho au katikati. La kwanza ni chache, na nyingi za hizo ni za miaka ya tisini. #8, mdogo wangu anasema "aliipata kwa rafiki." Nimemwambia rafiki si chanzo.

#11 Mtu wa Makete
Mnamhukumu mtu bure. Miaka ya tisini alikuwa kijana anafanya mwenyewe, sasa amekuwa mkubwa anasimamia. Hata fundi mwashi akizeeka habebi zege. Mimi naona orodha ya namna hiyo ndiyo yenye afya. Ningeogopa kama miaka 30 jina liko la kwanza kila mahali.

#12 Bibi wa Igurusi
Wanangu, mimi sijui kusoma majarida, nasomewa na mjukuu. Nina sukari tangu mwaka 2006. Mwaka juzi nilianguka shambani kwenye mpunga. Waliniona natoka jasho, naongea maneno hayaeleweki, wakasema ni mapepo, mmoja akaanza kuomba. Jirani mwenye akili akanipa maji ya sukari. Kumbe sukari ilikuwa imeshuka, nilimeza dawa asubuhi sikula. Sasa mimi nauliza: huyo profesa kwenye kurasa 14 ameandika hilo? Mtu ameze dawa nyumba haina chakula?

#13 Tabibu wa Zamu
Shikamoo bibi. Swali lako ni zito kuliko yote ya kwenye uzi huu. Glibenklamidi ina tabia hiyo, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu: inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Metformini peke yake kwa kawaida haimwangushi mtu hivyo.

Na imeandikwa, bibi. Wamarekani walikuwa na utafiti wa ACCORD, watu 10,251, kundi moja likashushwa sukari kwa nguvu hadi karibu na ya mtu mzima wa afya. Mwaka 2008 walilisimamisha kundi hilo kabla ya muda kwa sababu vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa walioshushwa sana. Tangu hapo mzee wa miaka 70 na kitu hatumkimbizi na sukari kama kijana wa 30. Mleta uzi, mzee wako ameshawahi kutetemeka au kuchanganyikiwa mida ya saa tano asubuhi?

#14 Mwana wa Uyole
Shikamoo bibi, pole sana. Daktari, kutetemeka ndiyo, mara mbili msimu wa kuvuna viazi. Tulidhani ni baridi ya Uyole.

#15 Mdadisi Mafinga
Ngojeni kidogo. Nimeenda kuusoma huo UKPDS wa #4. Makala ya 34, ya 1998: wanene waliopewa metformini, 342, vifo vinavyotokana na kisukari vilipungua kwa asilimia 42. Safi. Lakini makala HIYOHIYO, kundi la waliokuwa tayari wanatumia dawa za jamii ya glibenklamidi wakaongezewa metformini, vifo hivyo vikapanda karibu mara mbili! Na mzee wa mleta uzi anameza zote mbili. Kwa nini watu hatuambiwi?

#16 Mwana wa Uyole
#15 umenitoa jasho mkuu. Nimsimamishe?

#17 Tabibu wa Zamu
HAPANA. Usimsimamishie mtu dawa kwa sababu ya bandiko la usiku. #15 umesoma vizuri, hukumaliza. Kundi hilo lilikuwa dogo, walioongezewa metformini ni 268, na vifo vilivyolinganishwa vilikuwa vichache, kwa hiyo namba zinayumba. Waandishi wenyewe walichanganya data zote pamoja na hatari hiyo haikuonekana tena. Wapo waliosema ni bahati mbaya ya namba, wapo waliosema tatizo ni dawa za jamii ya glibenklamidi kwenye moyo, wapo waliosema kundi la kulinganishia ndilo lililokuwa na vifo vichache kuliko kawaida. Wamebishana miaka mingi, na dawa hizo mbili zimeendelea kuandikwa pamoja dunia nzima. Kinachonitia wasiwasi kwa mzee wako ni kutetemeka. Mpeleke kliniki wiki hii, uwaambie neno hilohilo.

#18 Mdadisi Mafinga
Sawa daktari. Lakini ona sasa: makala moja, wataalamu watatu, maelezo matatu. Ndiyo maana orodha zinakuwa ndefu, wanajibizana wao kwa wao.

#19 Ulanzi Baridi
Kama uzi huu. Nasi tuandikwe.

#20 Mkaguzi wa Mahesabu
Kuna kipimo chao kinaitwa h, alikianzisha mwanafizikia Hirsch mwaka 2005, kwa ajili ya ugonjwa huuhuu wa kuhesabu kurasa. Kiko hivi: ukiwa na mashamba mia lakini ni 20 tu ambayo kila moja limetoa gunia 20 au zaidi, h yako ni 20. Gunia hapo ni mara ambazo wengine wameinukuu makala. Mengine 80 ni vichaka. Mdogo wako akuangalizie.

#21 Binti Rungwe
Hicho nacho kinachezewa. Watu hujinukuu wenyewe, au hunukuliana kama vikoba: leo wewe, kesho mimi. Pia makala mbovu hunukuliwa sana na wanaoikosoa. Mwaka 2020 Lancet, jarida lenye jina kubwa, lilichapa makala ya dawa ya malaria kwa corona mwezi Mei, Juni likaiondoa kwa sababu waandishi walishindwa kuthibitisha data zilikotoka. Mkaguzi, gunia lililojaa mawe nalo utalipima?

#22 Mkaguzi wa Mahesabu
Mawe huwa yanaonekana kwenye kusaga. Lakini nimekusikia.

#23 Mzee wa Tosa
Vijana mnashindana na orodha ya Mhindi mmesahau orodha ya kwetu. Kulikuwa na Profesa McLarty pale Muhimbili, yeye na akina Swai na Kitange walizunguka vijiji sita vya Tanzania, wakapima watu 6,097 wa miaka 15 na kuendelea. Waliokuwa na kisukari: 53. Asilimia 0.87. Lancet ikaichapa 1989. Kabla ya hapo kila mtu anabahatisha kuhusu kisukari vijijini kwetu. Na hilo la kifua kikuu linalomshangaza mleta uzi kwenye orodha, Mugusi, Swai na wenzao walishaliandika 1990 hapahapa nchini: wagonjwa wa kifua kikuu wanakutwa na kisukari kuliko watu wa kawaida. Mwenye kisukari hatari yake ya kuugua kifua kikuu ni kama mara tatu. Kwa hiyo mtafiti wa sukari kuandika kifua kikuu si kuingilia shamba la mtu.

#24 Kijana wa Kabwe
0.87? Basi vijijini sukari haipo, ni ugonjwa wa mabosi. Bibi #12 wewe ni bosi umejificha.

#25 Mzee wa Tosa
Hiyo ni ya miaka ya themanini. Utafiti wa kitaifa wa 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64, ulitoa asilimia 9.1.

#26 Mtu wa Makete
Bodaboda hizo. Zamani mtu anatoka Bulongwa kwa miguu.

#27 Bibi wa Igurusi
Soda na sembe. Sisi tulikula dona na kande. Na huyo wa #24 mwambieni bosi anapalilia mpunga kwa mkono.

#28 Mdadisi Mafinga
Au tunaishi muda mrefu zaidi, sukari inatukuta tukiwa hai. Au vipimo vimefika.

#29 Tabibu wa Zamu
Na namba zenyewe si za kuweka kwenye mzani mmoja. Moja ni vijiji sita na vijana wa miaka 15 wamo, nyingine ni nchi nzima na mijini imo, umri tofauti, upimaji tofauti. Kupanda imepanda, mimi naiona foleni kila Jumanne. Imepanda mara kumi? Hapo siapi.

#30 Fundi Kyela
Mimi niseme la kwangu. Zamani walikuja watafiti kijijini, wakachukua damu, mkojo, kinyesi, mwaka baada ya mwaka. Tulipewa sabuni. Karatasi iliyotoka sijaiona mpaka leo. Ukiniuliza orodha ya mtu ina thamani gani, nauliza waliotolewa damu waliambiwa nini.

#31 Binti Rungwe
Kama ni ule wa Mbeya wa 2006 hadi 2011, Fundi, kuna makala ilitoka Lancet 2016: walionyesha mwenye minyoo ya matende alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata virusi vya UKIMWI. Kyela ilitajwa. Sabuni yenu imefika mbali.

#32 Ulanzi Baridi
Kumbe mabusha ya Kyela yamechapishwa Uingereza!

#33 Fundi Kyela
Cheka tu. Nimefurahi kujua, ila nimejua kwa Binti Rungwe na si kwao.

#34 Mnyalukolo
Narudi kwenye hoja yangu ya #3, sasa nimejipanga. Makala ya kwanza ya insulini kwa wagonjwa ilitoka Machi 1922 kwenye jarida la madaktari wa Kanada. Mtoto wa kwanza kuchomwa, Leonard Thompson, miaka 14, sindano ya Januari 11 haikufaa, dawa ilikuwa chafu. Collip akaisafisha, ya Januari 23 ikafanya kazi. Na metformini anayomeza mzee wa mleta uzi? Mfaransa Jean Sterne, 1957, aliichapisha kwenye jarida la Morocco, Maroc Médical. Wangapi humu wameshawahi kulisikia? Marekani imeikubali dawa hiyo 1994, miaka 37 baadaye. Ingepimwa kwa jina la jarida ingeozea Morocco.

#35 Mtu wa Makete
Sawa, lakini kwa kila Sterne mmoja kuna mia ambao makala zao ziliozea huko kwa haki kabisa.

#36 Mdadisi Mafinga
Mmesahau pesa. Mleta uzi, mwisho wa kila makala kuna sehemu ya mgongano wa maslahi, nani kalipwa na kampuni gani ya dawa. Soma hiyo kwanza. Rosiglitazoni, dawa ya kisukari, ilisifiwa kwa kushusha sukari, mpaka 2007 daktari wa moyo Nissen akajumlisha majaribio 42 na kukuta shambulio la moyo limeongezeka kwa asilimia 43. Ulaya wakaisimamisha 2010. Machapisho ya kuisifu yalikuwa tele.

#37 Tabibu wa Zamu
Kweli, ingawa uchambuzi wa Nissen nao ulipingwa, na Marekani 2013 walilegeza masharti waliyokuwa wameiwekea. Kulipwa na kampuni peke yake si uongo. Majaribio ya dawa ni ghali, serikali nyingi hazitoi.

#38 Kijana wa Kabwe
Daktari wewe kila kitu "kweli ingawa". Ulizaliwa njia panda?

#39 Bibi wa Igurusi
Mwacheni. Mwaka 2011 tulipokimbilia kikombe cha dawa cha babu wa Loliondo hakukuwa na mtu wa kusema ingawa. Nauli niliuza mbuzi. Nikaacha dawa, nikarudi na kidonda cha mguu. Babu yule alikuwa hana hata chapisho moja, profesa huyu ana kurasa 14, na wote wawili ni mbali na nauli ni mifugo.

#40 Mtu wa Makete
Bibi, kufananisha si haki. Profesa unaweza kumkagua, ameandika, tunamchambua hapa siku ya tatu. Kikombe ungekikagulia wapi?

#41 Bibi wa Igurusi
Mimi nasema mbuzi wangu.

#42 Mwana wa Uyole
Mrejesho wakuu. Tumempeleka mzee kliniki juzi. Wamempima damu ya figo na ile sukari ya miezi mitatu, wamemwangalia nyayo na macho. Figo imechoka kidogo, glibenklamidi wameiondoa, metformini wameibakiza, anarudi baada ya wiki mbili. Baba mdogo hajaridhika, anasema daktari wa kliniki hana hata ukurasa mmoja.

Mzee mwenyewe kasema haendi India, viazi viko ardhini. Ila nimekutana na kitu kwenye faili. Namba 131 ukurasa wa 9 na namba 188 ukurasa wa 12 ni kichwa cha habari kilekile, waandishi walewale, jarida tofauti, 131 ikitangulia kwa mwaka mmoja. Hiyo ni nini?

#43 Binti Rungwe
Mara nyingi ya kwanza ni muhtasari wa mkutano, ya pili ni makala kamili. Ni kawaida.

#44 Mdadisi Mafinga
Au kauza ng'ombe mmoja mara mbili.

#45 Mkaguzi wa Mahesabu
Idadi ya kurasa zake ni ngapi, hiyo 131? Ikiwa ni ukurasa mmoja, Binti Rungwe yuko sahihi.

#46 Mwana wa Uyole
Haijaandikwa. Ina namba moja tu na herufi A mbele yake. 188 inasema 412 hadi 419.

#47 Tabibu wa Zamu
A huwa ni ya muhtasari. Huwa.

#48 Kijana wa Kabwe
"Huwa." Tunaendelea kesho wakuu, na hicho kiwanja cha Igawilo kama bado kinauzwa niite pembeni.